Kusikia Sauti Hafifu ya Mwili: Somo Kuhusu Kipimo cha MRI na Bamba la Metasafesi



Somo letu la afya na sayansi katika toleo hili linahusu kipimo cha MRI. Wapo miongoni mwetu waliokwisha kukabidhiwa barua ya rufaa yenye herufi hizo tatu, wakaondoka wasijue kama ni dawa, ni upasuaji au ni picha. Wapo pia wazazi walioahirisha safari kwa kuwa waliambiwa tu kwamba mashine iko mbali na gharama ni kubwa. Somo hili limeandikwa kwa ajili yao, na kwa kila mkazi ambaye siku moja atalazimika kumwamulia mgonjwa wake.

Msomaji akifika mwisho anatarajiwa aweze kueleza MRI hufanyaje kazi; kwa nini mashine hizo ni chache; bamba liitwalo metasafesi linakusudiwa kusaidia nini; na yeye mwenyewe afanye nini leo, kabla teknolojia hiyo haijamfikia.

1. MRI ni nini

MRI ni njia ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa kutumia sumaku na mawimbi ya redio. Haitumii miale ya eksirei wala ile ya kipimo cha CT.

Sehemu kubwa ya mwili wa binadamu ni maji, na ndani ya maji mna haidrojeni. Kiini cha kila atomi ya haidrojeni hufanya kama kijisumaku kidogo sana. Katika maisha ya kawaida vijisumaku hivyo huelekea kila upande bila mpangilio. Mgonjwa anapolazwa ndani ya sumaku kubwa, baadhi yao hujipanga kufuata uelekeo wake. Kisha mashine hutuma mawimbi ya redio kwa muda mfupi mno, na vijisumaku huyumbishwa. Mawimbi yakikoma, vijisumaku hurejea mahali pake, na katika kurejea hutoa mawimbi yao hafifu. Nyaya zilizoviringishwa, ziitwazo koili, huyanasa mawimbi hayo, na kompyuta huyageuza kuwa picha.

Vijisumaku vya ubongo, vya mafuta, vya damu na vya uvimbe havirejei kwa mwendo mmoja. Tofauti hiyo ndiyo humwezesha daktari kuona kilicho laini ndani ya mfupa wa fuvu au ndani ya uti wa mgongo, mahali ambapo picha ya eksirei huonyesha zaidi mfupa wenyewe. Wanasayansi Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2003 kwa ugunduzi wao katika njia hii.

2. Sauti ndogo kando ya maporomoko

Mashine nyingi za hospitali zina sumaku ya nguvu ya tesla 1.5. Nguvu hiyo inazidi ile ya sumaku ya dunia, inayogeuza dira mkononi, kwa zaidi ya mara 40,000. Hata hivyo, ndani ya sumaku kubwa kiasi hicho, vijisumaku vya mwili hugawanyika karibu nusu kwa nusu: vinavyofuata sumaku na vinavyoelekea kinyume chake. Katika kila vijisumaku milioni 1, ziada inayobaki kutoa sauti ni kama 5 tu. Vingine hufutana.

Sauti hiyo ndogo haisikiki peke yake. Mwili wenyewe, kwa kuwa una joto, hutoa makelele ya mawimbi yasiyo na maana, na nyaya za mashine nazo huongeza yao. Mtu akisimama Rusumo, pale maji ya Kagera yanapoporomoka, akataka kusikia mnong'ono wa mwenzake, hupata shida ileile. Mnong'ono upo, bali umefunikwa na mngurumo. Picha nzuri ya MRI ni ile ambayo mnong'ono umeushinda mngurumo. Picha mbaya ni ile iliyojaa chengachenga za makelele.

Njia rahisi ya kuushinda mngurumo ni kumwomba mwenzako arudie maneno yake mara nyingi. Mashine hufanya hivyo pia. Lakini hesabu yake ni nzito: ili picha iwe safi maradufu kwa kurudia tu, ni lazima kurudia mara 4. Kipimo cha dakika 5 huwa cha dakika 20. Mtu mzima mwenye maumivu ya mgongo huvumilia kwa shida. Mtoto mchanga hawezi kutulia muda huo bila kulala usingizi mzito au kupewa dawa ya usingizi, ambayo nayo huhitaji mtaalamu na uangalizi.

3. Njia ya sumaku kubwa zaidi

Kwa miaka mingi jibu la viwanda limekuwa ni kuongeza ukubwa wa sumaku. Tesla 1.5 zikafuatwa na 3, na katika vituo vya utafiti 7. Picha zikawa safi, na gharama nazo zikapanda. Sumaku za aina hiyo kwa kawaida hupozwa kwa heliamu ya kimiminika, yenye baridi ya karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Zinahitaji chumba kilichokingwa dhidi ya mawimbi ya nje, umeme usiotetereka, mafundi waliobobea na vipuri vinavyosafiri kutoka mbali. Ndiyo maana mgonjwa wa Mbuba hupita zahanati, kituo cha afya na hospitali za wilaya yetu kama Murgwanza, Rulenge na Nyamiaga, kisha huelekezwa nje ya wilaya, na mara nyingine nje ya mkoa, ili apate picha moja.

Ipo njia nyingine, nayo ni kuboresha usikivu. Asiyesikia vizuri hamtaki msemaji awe na kifua kikubwa zaidi. Huweka kiganja nyuma ya sikio. Kiganja hakina betri wala hakiongezi neno lolote katika maneno ya msemaji. Hukusanya tu sauti ambayo ingepotea pembeni. Metasafesi ni kiganja cha namna hiyo kwa mashine ya MRI.

4. Metasafesi ni kitu gani

Metasafesi ni bamba jembamba lililoundwa kwa nyaya au vipande vidogo vya metali visivyovutwa na sumaku, kama shaba, vilivyopangwa kwa vipimo maalumu. Kila kipande ni kidogo kuliko urefu wa wimbi kinalokusudiwa kulipokea. Sifa yake haitokani na metali pekee, bali na mpangilio. Msusi wa vikapu analijua jambo hili: majani ni yaleyale, lakini ususi mmoja huzuia unga usipite na ususi mwingine huchuja togwa. Wahandisi hususi metali ili kuchuja na kukusanya mawimbi.

Jinsi bamba linavyofanya kazi hueleweka kwa mfano wa inanga, chombo cha nyuzi kinachofahamika mkoani Kagera na kwa majirani zetu wa Burundi na Rwanda. Nyuzi mbili zikikazwa kwa sauti moja, ukipiga mmoja, wa pili hutikisika bila kuguswa. Metasafesi hukazwa vivyo hivyo. Katika mashine ya tesla 1.5, mwili hutoa mawimbi yanayotikisika karibu mara milioni 64 kwa sekunde. Bamba lililokazwa kwa kiwango hicho huitikia, na uga wa sumaku wa mawimbi hayo hukusanyika karibu na sehemu ya mwili iliyolala juu yake. Koili hupata sauti kubwa zaidi.

Jambo la pili ni la usalama. Mawimbi ya redio yana pande mbili: upande wa sumaku, ambao ndio huleta picha, na upande wa umeme, ambao huweza kuupasha mwili joto. Bamba lililoundwa vizuri huuvuta upande wa sumaku kuelekea mwilini na kuuweka upande wa umeme mbali na mwili.

Hesabu ya faida ni hii. Tumeona kwamba usafi maradufu kwa kurudia tu hudai muda mara 4. Basi bamba likiifanya sauti kuwa kubwa maradufu bila kuongeza makelele kwa kiasi hichohicho, kipimo cha dakika 20 huweza kufanyika kwa dakika 5, na picha ikabaki na ubora uleule. Kwa mtoto, tofauti hiyo yaweza kuwa ndiyo tofauti ya kupimwa akiwa amelala baada ya kunyonya na kupimwa akiwa amepewa dawa ya usingizi.

5. Majaribio yamefika wapi

Mwaka 2016, Alexey Slobozhanyuk na wenzake wa Urusi, Uholanzi na Australia walichapisha jaribio walilolifanya katika mashine ya tesla 1.5. Walipanga nyaya fupi za shaba nyeupe ndani ya maji, na mahali palipo jirani na nyaya hizo sauti ya picha ikazidi makelele kwa zaidi ya mara mbili ya kawaida.

Mwaka 2017, Rita Schmidt na Andrew Webb wa Leiden nchini Uholanzi, pamoja na Slobozhanyuk na Pavel Belov, walionyesha bamba jembamba linalopindika, la vipande vya metali pamoja na madini maalumu, lililotumika kupiga picha ya ubongo wa binadamu aliye hai katika mashine ya tesla 7.

Mwaka 2019, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Boston nchini Marekani, wakiongozwa na Xin Zhang na daktari Stephan Anderson, walitumia waya mwembamba wa shaba uliozungushwa kwenye vigurudumu vya plastiki, wakaongeza usafi wa picha kwa zaidi ya mara 4 katika mashine ya tesla 1.5. Vitu walivyovipiga picha vilikuwa vya sokoni: mapaja ya kuku, nyanya na zabibu. Baadaye kundi hilo likaunda bamba linalojizima lenyewe wakati mashine inatuma mawimbi yake makali na kujiwasha wakati mwili unajibu. Hilo lina maana kubwa kwa usalama, kwa kuwa bamba lisilojizima laweza kuyakuza hata mawimbi makali yanayotumwa mwilini.

Msomaji azingatie mipaka ya majaribio haya. Bamba husaidia sehemu iliyo karibu nalo zaidi kuliko sehemu iliyo mbali. Nalo ni kifaa cha picha, haliponyi ugonjwa. Yeyote atakayepita vijijini akiuza bangili, kibao au mkanda wa sumaku kwa madai kwamba ni teknolojia ya MRI inayotibu, asipewe fedha, na taarifa zipelekwe kwa Mtendaji wa Kijiji.

6. Somo kutoka Mbarara

Jina la Andrew Webb hutuleta karibu na nyumbani, kwa kuwa mtafiti huyo wa Leiden amefanya kazi pia na jirani zetu wa Uganda. Katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, mjini Mbarara, kaskazini mwa mkoa wetu ng'ambo ya mpaka, mhandisi Johnes Obungoloch na wenzake walishirikiana na wataalamu wa Uholanzi na Marekani kuunda mashine ndogo ya MRI. Mwaka 2022 sehemu zake zote, pamoja na zana, zilisafirishwa kwa ndege kutoka Uholanzi. Wakufunzi 4 na watu 6 ambao hawakuwa na mafunzo ya awali ya kazi hiyo walizipanga sumaku ndogo moja moja katika pete 23, wakaziunganisha, wakafunga koili, wakaunda toroli la aluminiamu la kuibebea. Kuanzia mzigo ulipofika hadi picha ya kwanza ilipotoka, zilipita siku 11 hivi.

Sumaku ya mashine hiyo ina nguvu ya tesla 0.05, yaani sehemu moja ya 30 ya mashine ya kawaida ya tesla 1.5. Haihitaji heliamu. Na kwa kuwa iliunganishwa kwa mikono ya watu wa Mbarara, maarifa ya kuifungua na kuitengeneza yamebaki Mbarara. Hilo ni la kuthaminiwa kuliko chuma chenyewe. Mashine ya kununuliwa ikiharibika husubiri fundi wa kiwanda. Mashine ambayo fundi wa hapa aliiunda humsubiri fundi wa hapa.

Gharama ya udogo wake ni ileile ya mnong'ono. Sumaku ikipungua mara 30, ziada ya vijisumaku hupungua mara 30 pia: badala ya 5 katika milioni 1, hubaki takriban 1 katika milioni 6. Kwa hiyo usikivu ni wa lazima zaidi katika mashine ndogo kuliko katika kubwa. Hata hivyo, mabamba tuliyoyaeleza yalikazwa kwa ajili ya mashine zenye nguvu. Mashine ya Mbarara hutumia mawimbi yanayotikisika karibu mara milioni 2 kwa sekunde. Bamba la Boston au la Leiden haliwezi kuhamishwa kama lilivyo. Huhitaji kususiwa upya. Kazi hiyo ni ya wahandisi, na vijana wetu wanaosoma fizikia katika sekondari za wilaya hii wasiione kuwa ni ya watu wa mbali.

7. Kwa nini Uganda walianza na watoto

Mashine ya Mbarara ilikusudiwa kwanza watoto wenye kichwa kikubwa, ugonjwa ambao maji hujikusanya ndani ya ubongo na kuusukuma dhidi ya fuvu. Uganda ina uzoefu mrefu wa ugonjwa huu. Katika Hospitali ya Watoto ya CURE, Mbale, daktari Benjamin Warf na wenzake waliendeleza, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, upasuaji unaofungua njia ya maji ndani ya ubongo, ili watoto wengi wasitegemee mrija wa kudumu unaoweza kuziba wakati wako mbali na hospitali. Walibaini pia kwamba kwa watoto wengi ugonjwa hutanguliwa na maambukizi ya wiki za mwanzo za maisha.

Ili kuamua juu ya upasuaji, daktari anahitaji kuona maji yako wapi na ubongo umebaki kiasi gani. Kipimo cha CT huonyesha hayo, ila mtoto hupata miale kila anapopimwa, na watoto hawa hupimwa mara kwa mara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, Warf akiwa miongoni mwa waandishi wake, ulionyesha kwamba picha za ubora wa chini kuliko uliozoeleka huweza kumtosha daktari kwa uamuzi huo. Utafiti huohuo ulitoa onyo: picha hafifu ikisafishwa kwa programu ya kompyuta huweza kupendeza macho huku ikionyesha kisichokuwapo. Hapa tofauti yake na bamba huonekana wazi. Programu hukisia neno ambalo halikusikika. Bamba hulisaidia neno lenyewe lisikike.

8. La kufanya leo

Hatua ya kwanza ya kumwokoa mtoto mwenye kichwa kikubwa haisubiri MRI. Chombo chake ni utepe wa kupimia ulioko kliniki. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati huwa na mzingo wa kichwa wa karibu sentimita 35, nao huongezeka kwa wastani wa sentimita 2 hivi kila mwezi katika miezi 3 ya mwanzo. Mzazi aombe kichwa kipimwe na kiandikwe. Kichwa kinachokua haraka kupita kiasi, utosi uliovimba na kukaza, mishipa ya kichwani iliyojitokeza, macho yanayoelekea chini muda wote, kutapika na kulegea ni dalili za kumfikisha mtoto kwa mhudumu siku hiyohiyo. Utosi ukiwa bado wazi, kipimo cha utrasaundi huweza kuonyesha maji ndani ya kichwa. Ubongo uliosukumwa kwa miezi mingi haurudishiwi chote kilichopotea. Kwa hiyo wiki moja ina thamani. Ugonjwa huu hautokani na laana wala kosa la mama, na mtoto asifichwe ndani.

Kinga nayo ipo. Kitovu cha mtoto mchanga kitunzwe kikiwa safi na kikavu, na homa ya mtoto mchanga isitibiwe nyumbani. Mama atumie foliki asidi kabla ya ujauzito na mwanzoni mwake, kwa ushauri wa mhudumu, ili kupunguza hatari ya mgongo wazi, ambao mara nyingi huandamana na kichwa kikubwa.

Mwenye rufaa ya MRI ayazingatie haya:

- Amweleze mhudumu kama ana betri ya moyo, chuma cha mfupa, klipu ya upasuaji, au kipande cha risasi mwilini. Mafundi wa kuchomelea waseme kama waliwahi kuingiwa na vumbi la chuma machoni. Mjamzito aseme mapema.
- Aache nje simu, funguo, sarafu, mkanda, vipini na hirizi yenye chuma. Sumaku haizimwi mgonjwa anapoingia, na huweza kurusha chuma kwa nguvu.
- Ajiandae kwa mlio mkubwa wa kugongagonga. Ni wa koili za mashine, hauumizi, na atapewa vizibo vya masikio.
- Atulie. Kila anapojisogeza picha huchafuka, na kipimo hurudiwa.
- Abebe barua ya rufaa, picha za awali na kadi ya bima aliyo nayo, aulize gharama na siku ya miadi kabla ya kusafiri.

9. Maswali ya kujipima

Maswali haya yanaweza kujadiliwa nyumbani, shuleni au katika mikutano ya vitongoji.

1. Kwa nini ndani ya sumaku kubwa bado sauti ya mwili ni ndogo?
2. Kipimo kinachukua dakika 24. Bamba limeongeza sauti maradufu bila kuongeza makelele kwa kiasi hichohicho. Kipimo kinaweza kupungua hadi dakika ngapi? (Jibu: 6.)
3. Metasafesi inatofautianaje na programu inayosafisha picha?
4. Mashine ya Mbarara imepoteza nini kwa kuwa ndogo, na imepata nini?
5. Katika kitongoji chako, ni nani anayejua mzingo wa kichwa cha mtoto mchanga wa nyumba yake, na umeandikwa wapi?

Manne ya kwanza yanajibiwa na somo hili. La tano linajibiwa kwa kufungua kadi ya kliniki, na likikosa jibu, zahanati ndiyo mahali pa kulitafutia.